Taa Nyekundu ya Breki Imewaka Baada ya Kubadilisha Gia Boksi: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo

Gari limetoka gereji likiwa na gia boksi nyingine, gia zinaingia vizuri, mtikisiko uliokuwa ukisumbua umekwisha, lakini kwenye dashibodi inawaka taa nyekundu ya breki ambayo haikuwapo siku gari lilipoingizwa. Fundi anasema ni sensa ya gia boksi. Jirani anasema gia boksi iliyofungwa si ya gari hilo. Mara nyingi wote wawili wanakosea, kwa sababu katika magari mengi tunayoendesha gia boksi haina waya unaokwenda moja kwa moja kwenye taa ya breki. Kilichoiwasha taa ni kitu kilichoguswa ili gia boksi ipate nafasi ya kutoka na kuingia, yaani hendibreki iliyovutwa, draivu shafti (fimbo inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi tairi) iliyochomolewa, waya wa ethi (waya wa hasi unaotoka betri au bodi) uliofunguliwa, au soketi iliyosogezwa pembeni ikasahaulika. Mwongozo huu unafuata njia ileile uliyopita mkono wa fundi, ukianza na vitu ambavyo kuvikagua hakugharimu chochote.

Mifano mingi nitaitoa kwenye Toyota Premio, Allion, Corolla na Probox za miaka ya 2000, zenye injini ya mbele inayoendesha matairi ya mbele. Ndizo zinazobadilishwa gia boksi kila siku kwa kutumia gia boksi zilizotumika kutoka Japani. Magari mengine nitayataja pale yanapotofautiana nazo.

Anza na pedali, si waya

Kabla ya kutafuta chanzo cha taa, hakikisha kwamba breki zenyewe zipo. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali ya breki mara nne au tano hadi iwe ngumu, kisha uikandamize kwa nguvu ya kawaida kwa muda wa nusu dakika. Pedali inayozama polepole kuelekea sakafuni ina maana kwamba mafuta ya breki yanavuja mahali fulani, au masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali, inapitisha ndani kwa ndani. Pedali laini inayorudisha mguu kama sponji ina maana kwamba kuna hewa kwenye mabomba. Katika hali zote mbili gari halipaswi kutoka hapo lilipo kwa kuendeshwa, hata kama nyumbani ni mtaa wa pili.

Baadaye, ukiwa bado umekanyaga, washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu, dalili kwamba bomba la hewa linalotoka kwenye injini kwenda kwenye buta ya breki (kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga) limerudishwa. Bomba hilo hufunguliwa katika baadhi ya magari ili kupata nafasi ya kuinua gia boksi, na nimeshaliona limeachwa likining'inia huku gari likiendeshwa kwa breki ngumu kama jiwe.

Soma taa zote, na uangalie zinawaka lini

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha, kwa kuwa hukimbilia kununua kipuri kabla ya kuisikiliza taa inasema nini. Taa nyekundu ya breki, yaani ile yenye duara na alama ya mshangao, au duara na herufi P, au neno BRAKE, hutumiwa na mifumo kadhaa kwa wakati mmoja: swichi ya hendibreki, boya la kikopo cha mafuta ya breki, na kompyuta ya ABS (mfumo unaozuia matairi kujifunga unapokanyaga breki) pale inaposhindwa kugawa nguvu ya breki kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Ni balbu moja yenye mabwana watatu, na kila bwana ana namna yake ya kuiwasha.

Ikiwa taa nyekundu inawaka peke yake, bila ya njano ya ABS, shuku hendibreki au kiwango cha mafuta ya breki. Ikiwa imewaka pamoja na taa ya njano ya ABS, kompyuta ya ABS ndiyo inayolalamika, na hakuna haja ya kupoteza saa nzima ukichokonoa hendibreki. Ikiwa imewaka pamoja na taa ya betri, nenda moja kwa moja kwenye alternata na waya za ethi, kwa sababu katika magari kadhaa ya Kijapani, hasa ya zamani, saketi za taa hizo mbili zimeunganishwa, na hitilafu ya chaji huziwasha zote.

Wakati wa kuwaka nao ni ushahidi. Taa inayomulika gari linapokata kona, linapopanda mlima au linapofunga breki, kisha ikatulia, karibu kila mara ni mafuta ya breki yaliyo kwenye ukingo wa kiwango cha chini, yakiyumba na kuliyumbisha boya. Taa za ABS na breki zinazozimika vizuri unapowasha gari, kisha zikarudi baada ya kwenda hatua chache barabarani, zinaonyesha kwamba waya zimeshika lakini kompyuta haioni tairi fulani likizunguka. Zisizozimika kabisa tangu ufunguo unapofunguliwa zinaonyesha waya uliokatika, soketi iliyo wazi au fyuzi iliyoungua. Taa inayofifia injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na kupotea unapokanyaga mafuta ni ya umeme, wala haihusiani na breki. Andika unachokiona kwenye karatasi au kwenye simu, maana ukifika gereji utaulizwa, na jibu la "inawaka tu" halimsaidii mtu.

Hendibreki, ambayo hakuna anayeishuku

Mwenye gari la otomatiki hapa kwetu huegesha kwa kuweka P na kuondoka. Hendibreki inaweza kukaa miaka bila kuguswa, kebo zake zikishika kutu ndani ya ganda. Siku ya kubadilisha gia boksi, P haipo tena kwa kuwa gia boksi iko chini sakafuni, na fundi anayetaka gari lisitembee juu ya jeki huvuta hendibreki kwa mikono miwili hadi mwisho. Hiyo huenda ikawa mara ya kwanza kuvutwa tangu gari liliposhuka melini.

Shusha mkono wa hendibreki hadi chini kabisa, kisha uusukume zaidi kwa kiganja. Ikiwa taa inazimika unaposukuma na kurudi unapoachia, mkono haurudi hadi mwisho wake, au kibati cha swichi kimepinda. Swichi yenyewe ni kitu kidogo kilichofungwa kwenye shina la mkono, chenye waya mmoja, na kazi yake ni kuupeleka waya huo kwenye bodi, yaani chuma cha gari, mkono unapoinuliwa. Fungua kava la plastiki, chomoa waya huo huku ufunguo ukiwa kwenye ON, na uitazame taa. Ikizimika, umempata mhalifu. Nyosha kibati, safisha kutu, au badilisha swichi. Katika magari yenye pedali ya kuegesha inayokanyagwa kwa mguu wa kushoto, swichi iko juu ya pedali hiyo, na kapeti iliyorudishwa vibaya baada ya kazi inatosha kuizuia pedali isirudi juu.

Usiishie kwenye taa. Kebo iliyoshika kutu na kuvutwa kwa nguvu inaweza kubaki imebana shuu (viatu vya breki) za nyuma hata kama mkono umeshuka. Endesha kilomita mbili hivi bila kufunga breki mara kwa mara, simama, kisha usogeze kiganja karibu na rimu za nyuma bila kuzigusa. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, kebo ya upande huo imeng'ang'ania, na shuu zitaisha ndani ya muda mfupi.

Kwa malori madogo kama Mitsubishi Canter na Isuzu Elf mambo ni tofauti kidogo. Breki ya kuegesha ya magari hayo iko kwenye drumu iliyofungwa nyuma ya gia boksi, kwa hiyo kubadilisha gia boksi ni kuifungua breki yenyewe. Kebo ikirudishwa ikiwa imekazwa kupita kiasi, mkono hauwezi kushuka hadi mwisho na taa haizimiki. Ikirudishwa ikiwa legevu, taa huzimika vizuri lakini lori haliegeki mlimani, jambo ambalo ni baya zaidi. Kagua pia kama sili ya nyuma ya gia boksi inavuja, maana oili yake huishia moja kwa moja kwenye shuu za drumu hiyo.

Mafuta ya breki, na yale yaliyoingia kimakosa

Fungua boneti ukitazame kikopo cha mafuta ya breki kilicho juu ya masta silinda. Kiwango kinapaswa kuwa kati ya alama ya MIN na MAX. Ndani kuna boya dogo lenye sumaku, ambalo likishuka huifunga swichi iliyo chini ya kikopo na kuiwasha taa.

Kushuka kwa mafuta kuna sababu mbili za halali na moja ya hatari. Ya kwanza ni brekipedi kuisha: kadiri zinavyokuwa nyembamba ndivyo pistoni za kalipa (kifaa kinachobana brekipedi) zinavyotoka nje na kuhitaji mafuta zaidi nyuma yake. Ya pili ni bomba la breki kufunguliwa wakati wa kazi bila kikopo kujazwa baadaye. Ya hatari ni uvujaji. Kalipa ya mbele mara nyingine huondolewa ili sehemu inayobeba habu (kitovu cha tairi) isogee na draivu shafti itoke, na fundi asiye na subira huiacha ikining'inia kwa bomba lake la mpira badala ya kuifunga kwa waya kwenye springi. Bomba la aina hiyo linaweza kupasuka kwa ndani bila kuonyesha kitu kwa nje. Kagua kila bomba la mpira kwa kulikunja kidogo ukitafuta nyufa, na kama bolti inayoshika bomba kwenye kalipa ilifunguliwa, washa zake za shaba (pete bapa za kuzuia kuvuja) zinapaswa kuwa mpya.

Ikiwa gari limetolewa gia boksi ya otomatiki na kufungwa ya manyuo, au ikiwa ni manyuo iliyobadilishwa kwa manyuo, ongeza sehemu moja kwenye ukaguzi. Magari mengi yenye klachi ya mafuta huchota mafuta ya klachi kutoka kwenye kikopo kilekile cha breki, kupitia bomba dogo la pembeni. Silinda ndogo ya klachi iliyofungwa kwenye gia boksi ikivuja hata tone moja moja, taa ya breki ndiyo itakayokuambia. Vuta nyuma mpira wa vumbi wa silinda hiyo: ukikuta unyevu ndani yake, badilisha. Jambo zuri ni kwamba katika magari mengi bomba la klachi hutoka juu zaidi kwenye kikopo, hivyo breki hubakiwa na akiba yake hata klachi ikikauka.

Nina onyo moja ambalo sitalipita haraka. Siku ya kubadilisha gia boksi ya otomatiki, chupa za ATF, yaani mafuta ya gia boksi ya otomatiki, huwa zimetapakaa kila mahali, na nyekundu hiyo imewahi kumiminwa kwenye kikopo cha breki na mikono iliyochoka. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hayatokani na petroli, na mipira yote ya mfumo imetengenezwa kwa ajili yake. ATF huifanya mipira hiyo ivimbe, na breki huanza kubana zenyewe. Ukiona rangi nyekundu kwenye kikopo, au mpira wa kifuniko umevimba na haurudi mahali pake, kumwaga na kujaza upya hakutoshi: mipira ya masta silinda, ya kalipa, ya silinda za nyuma pamoja na mabomba ya mpira vyote vinatakiwa kubadilishwa. Ni gharama kubwa, lakini breki za namna hiyo haziwezi kuaminiwa.

Kutenga kwa kuchomoa

Kama hendibreki na kikopo havijajieleza kwa macho, waambie waya waseme. Weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini. Chomoa waya wa swichi ya hendibreki. Kama taa bado inawaka, chomoa pia soketi iliyo chini au pembeni ya kikopo cha mafuta ya breki. Kwa Toyota nyingi taa itazimika pale utakapochomoa soketi ya upande wenye hitilafu, kwa kuwa swichi hizi huwasha taa kwa kuupeleka waya kwenye bodi. Ikizimika ulipochomoa ya kikopo huku mafuta yakiwa ya kutosha, boya limezama au limekwama kwenye uchafu. Lisukume kwa kijiti safi, na likirudi chini, kikopo kibadilishwe.

Ikiendelea kuwaka huku zote mbili zikiwa zimechomolewa, zimebaki njia mbili tu: waya uliochubuka na kugusa bodi, au kompyuta ya ABS. Waya wa kutafuta kwanza ni ule unaopita karibu na betri na mauntini (kishikizo) ya gia boksi, kwa sababu trei ya betri, boksi la chujio la hewa na mauntini vyote viliondolewa na kurudishwa, na kifungo cha waya kinaweza kuwa kimebanwa chini ya kimojawapo.

Kitu kimoja kisifanyike katika hatua hii wala nyingine yoyote: kuondoa balbu. Gari linaloondolewa balbu ya breki litauzwa siku moja kwa mtu asiyejua.

ABS, draivu shafti na pete yenye meno

Taa mbili zikiwaka pamoja, chanzo kinachoongoza baada ya kubadilisha gia boksi ni sensa ya kasi ya tairi la mbele. Sababu yake inaeleweka. Ili draivu shafti zitoke, boljointi ya chini hutenganishwa na habu huvutwa nje kwa nguvu. Sensa iko palepale, waya wake ukiwa mfupi na umefungwa kwa vibana viwili vitatu. Kibana kikisahaulika kufunguliwa, waya hunyooka hadi ukakatika kwa ndani huku ganda likiwa zima. Kibana kikisahaulika kufungwa, waya huguswa na tairi unapokata kona.

Katika Corolla za kizazi cha 2000 na ndugu zake, sensa ya mbele husoma pete yenye meno iliyobanwa kwenye sivi jointi (kiungo kinachopinda) ya nje ya draivu shafti. Hapa ndipo uzoefu wa soko la vipuri unapohusika. Draivu shafti iliyonunuliwa pamoja na gia boksi, au iliyobadilishwa kwa sababu ya zamani kuliwa, inaweza kuwa ya gari lisilo na ABS, nayo haina pete kabisa. Inaweza kuwa na pete yenye idadi tofauti ya meno, na katika hali hiyo kompyuta huamini tairi moja linakimbia kuliko mengine, taa ikawaka au pedali ikatetemeka unaposimama taratibu. Inaweza pia kuwa na pete iliyopasuka kwa kugongwa nyundo wakati wa kuitoa. Hesabu meno ya pande zote mbili kwa kutia alama ya chaki kwenye jino la kwanza: idadi lazima ilingane.

Kabla ya kununua sensa, soma kodi, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta. Mashine ya gereji inayoingia kwenye ABS itaonyesha C0200 kwa tairi la mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia na C0215 nyuma kushoto. Kama mashine haipo, Toyota nyingi za kizazi hicho zinakuruhusu kusoma kwa taa yenyewe. Ufunguo ukiwa umezimwa, unganisha kwa kipande cha waya tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya dashibodi, kisha uweke ON. Taa ya ABS ikimulika haraka kwa mfululizo ulio sawa, hakuna kodi. Ikimulika mara tatu, ikatua kidogo, ikamulika mara moja, hiyo ni 31, yaani mbele kulia. 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Kuwa makini na tundu la 16, ambalo lina moto wa betri muda wote: ukilikosea unaweza kuunguza fyuzi au kompyuta.

Kwa sensa za zamani zenye waya mbili na sumaku, chomoa soketi na upime kwa multimita. Nyingi husoma karibu na kilo-om 1 hadi 2, lakini kipimo cha maana zaidi ni kulinganisha kulia na kushoto. Isiyosoma kitu imekatika. Sogeza waya huku ukipima, maana mkatiko wa ndani hujificha waya ukiwa umetulia. Magari mapya yenye sensa zinazohitaji umeme, ambayo pete yake ni ya sumaku ndani ya beringi, hayapimwi kwa njia hii. Tumia mashine kutazama kasi ya kila tairi gari likitembea taratibu, na tairi linalobaki kwenye sifuri ndilo lenye shida. Katika magari hayo, beringi iliyofungwa kinyume hufanya kompyuta isione tairi, kwa sababu pete ya sumaku inakuwa upande usio na sensa.

Kagua pia nati kubwa ya draivu shafti katikati ya habu. Kwa Corolla za kizazi hicho hukazwa kwa Nm 216, kiasi ambacho hakifikiwi kwa spana fupi. Nati iliyolegea huifanya habu icheze, umbali kati ya sensa na pete ukabadilika, na beringi ikafa mapema.

Ethi, fyuzi na mazungumzo ya kompyuta

Gia boksi hushika waya mmoja mnene au zaidi wa ethi, unaotoka betri au bodi. Ukisahaulika, umeme hutafuta njia nyingine, hata kupitia kebo ya gia, na taa zisizohusiana huwaka kwa zamu. Weka multimita kwenye volti, waya mmoja kwenye ncha hasi ya betri na mwingine kwenye chuma safi cha gia boksi, kisha mtu apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu: safisha kutu na rangi chini ya bolti, kaza upya. Injini ikiwaka, betri isome takriban volti 13.8 hadi 14.5.

Fyuzi za ABS ni kubwa na ziko kwenye boksi la chini ya boneti, jirani na mahali betri ilipotolewa. Zipime kwa multimita, usizitazame tu.

Kodi inayoanza na U, kama U0101 au U0121, inamaanisha kompyuta moja haisikii nyingine: ya kwanza inaitaja kompyuta ya gia boksi, ya pili ya ABS. Hapo soketi za gia boksi mpya ndizo za kuanzia, hasa ikiwa ilitoka kwenye gari la toleo jingine na pini zake zimepinda au zimeongezwa viungio.

Baada ya kurekebisha, futa kodi. Kwa njia ya waya wa tundu la 4 na 13, ufunguo ukiwa ON, kanyaga pedali ya breki mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5, kisha uzime na uchomoe waya. Peleka gari mahali pasipo na msongamano, lifikishe kilomita 40 kwa saa, simama taratibu, kisha rudia kwa kona za kulia na kushoto. Ukifika nyumbani kagua tena kikopo cha mafuta ya breki na sakafu chini ya kila tairi, na ufanye hivyohivyo asubuhi inayofuata kabla ya kuwasha gari.